Alishinda Beti, Akapoteza Kila Kitu: Somo la Filamu ya Uncut Gems kwa Anayeuza Mtandaoni

Leo hatuongelei namna ya kupiga picha ya bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Tunaongelea kitu kinachoua maduka mengi ya kwenye simu na watu hawakisemi: kubeti kwa hela ya biashara.

Tutatumia filamu moja kuelezea, inaitwa Uncut Gems. Ilitoka mwaka 2019, imetengenezwa na ndugu wawili wa Marekani, Josh na Benny Safdie, na mhusika mkuu ni Adam Sandler, yule mliyemzoea kwenye muvi za kuchekesha. Humu hachekeshi. Nitaeleza mpaka mwisho wa stori, kwa hiyo kama hupendi kuambiwa mwisho, kaiangalie kwanza halafu urudi. Ni ya watu wazima, matusi ni mengi, usiiangalie na watoto.

Kwa nini filamu hii? Kwa sababu tumezoea kudhani anayeharibiwa na kamari ni kijana asiye na kazi. Huyu ni mfanyabiashara kama wewe. Ana duka, ana wateja, ana mzigo mzuri. Na kilichomuua siyo kukosa bahati. Beti yake ya mwisho alishinda.

STORI KWA UFUPI

Howard Ratner ana duka la vito mtaa wa wauza almasi, New York. Anadaiwa dola 100,000 na Arno, ndugu wa upande wa ukweni ambaye ana vijana wa kukusanya madeni kwa nguvu. Howard ameagiza jiwe la opali kutoka mgodini Ethiopia. Yeye anaamini jiwe hilo litauzwa dola milioni moja na matatizo yake yote yataisha siku moja.

Mchezaji maarufu wa kikapu, Kevin Garnett, ambaye kwenye filamu anaigiza kama yeye mwenyewe, analipenda lile jiwe na kuomba akae nalo kidogo. Anaacha pete yake ya ubingwa kama dhamana. Howard anafanya nini? Siku hiyo hiyo anaipeleka pete ya mteja kwa wanaokopesha kwa rehani, anachukua hela, anaibetia.

Beti ile ingelipa. Lakini Arno alikuwa ameshaizuia, kwa sababu kwake ile hela ilikuwa deni lake. Ukishadaiwa kiasi hicho, hata bahati ikikujia siyo yako tena.

Jiwe linafika kwenye mnada, wataalamu wanalipa makadirio madogo sana kuliko ile milioni aliyokuwa anaihubiri. Mwishoni Garnett analinunua kwa fedha taslimu, dola 165,000. Hapo Howard ana hela ya kumlipa Arno yote na chenji inabaki. Arno na vijana wake wapo pale pale dukani. Badala ya kulipa, anawafungia katikati ya milango miwili ya usalama na hela inapelekwa kasino kubetiwa kwenye mechi ya usiku ule.

Anashinda. Zaidi ya dola milioni moja. Anafungua mlango akiwa anashangilia, na mmoja wa wale vijana aliyechoka kufungiwa anampiga risasi hapo hapo. Na duka linaibiwa.

Wenzetu wa migodini wanaielewa stori hii haraka. Mirerani siyo mbali na sisi, na wanaapolo wengi wanajua maisha ya kukopa leo kwa sababu jiwe litatoka kesho. Ila siku hizi huhitaji kushuka shimoni. Jiwe lipo kwenye simu, linaitwa mkeka.

SASA TULETE KILEO

Chukua mfano wa muuzaji wa viatu. Anaposti picha, wateja 12 wanaweka oda, kila mmoja anatoa advansi ya 10,000. Ijumaa jioni ana 120,000 kwenye simu. Mpango ni kutuma hela Kariakoo Jumatatu, mzigo uje na basi.

Jumamosi kuna mechi. Anaweka 20,000 kwenye mkeka, "nitarudisha ikitiki." Timu moja inamchana. Anaweka 30,000 kurudisha ile 20,000. Inaliwa. Usiku anahamia kwenye kindege, kwa sababu mechi zimeisha na kindege hakilali. Jumapili jioni imebaki 8,000.

Jumatatu wateja wanauliza. Jibu: "Mzigo umechelewa, basi limeharibika." Jumatano anapokea advansi za wateja wapya, anazitumia kununua viatu vya wale wa kwanza. Wale wapya nao wanaanza kuuliza. Anakopa kwenye programu ya mikopo ya simu. Mwezi ukiisha ameshawabloku wateja saba, na jina lake linazunguka kwenye magrupu kama tapeli.

Piga hesabu ya kawaida. Kama faida yake kwa pea ni 6,000, basi kurudisha ile 112,000 iliyoliwa anahitaji kuuza pea 19 bila kula chochote, bila bando, bila nauli. Wikendi moja imekula kazi ya wiki kadhaa.

MAKOSA YA HOWARD AMBAYO NA SISI TUNAYAFANYA

1. Alitumia mali ya mteja kama mtaji wake.
Pete ilikuwa dhamana. Advansi ya oda nayo ni hivyo hivyo. Mpaka siku mteja anapopokea mzigo, ile hela ni ya kwake, wewe umeishika tu. Duka la mtandaoni halina kuta wala fremu. Kitu pekee mteja anachokiona ni kwamba mara ya mwisho alituma hela na mzigo ukafika. Ukikivunja hicho, huna duka.

2. Alitegemea beti ilipe deni.
Deni lina tarehe, beti haina. Arno wa filamu kwetu ana majina mengi: kausha damu, mikopo ya dakika tano, programu zinazopiga simu kwa ndugu zako wote ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", angalia kama anayekukopesha ana leseni. Na kama mkopo unauchukua ili urudishe hela iliyoliwa kwenye mkeka, usiuchukue kabisa, awe na leseni au asiwe nayo.

3. Alijidanganya kuhusu thamani ya mzigo.
Jiwe alilipa bei kichwani mwake, akaanza kutumia hela ambayo haijaingia. Muuzaji anayebeti anafanya hivyo hivyo: "Huu mzigo nikiuuza wote napata laki tatu, kwa hiyo nikibeti elfu hamsini siyo mbaya." Mzigo ambao haujauzwa siyo hela.

4. Hakuweza kuacha alipokuwa na nafasi.
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Ile 165,000 ilitosha kumaliza kila kitu. Mtu mwenye tatizo la hela angelipa deni akalala. Howard hakuwa na tatizo la hela, alikuwa na tatizo la kubeti. Ndiyo maana kumwambia mraibu "ukishinda tu mara moja uache" hakusaidii. Akishinda ana mtaji mkubwa zaidi wa kubetia.

HESABU YA MKEKA AMBAYO HAKUNA ANAYEKUONYESHA

Tufanye taratibu. Tuseme umechagua timu 10 "za uhakika", kila moja ina odi ya 1.5. Zidisha 1.5 mara kumi, unapata odi ya jumla kama 57. Buku moja inakuwa 57,000. Inavutia.

Odi ya 1.5 ingekuwa ya haki kama timu ile ingeshinda mara 67 katika mara 100. Lakini kampuni lazima ipate faida, kwa hiyo odi inapunguzwa kidogo. Tuchukue mfano kwamba nafasi halisi ya timu ile ni 63 kwa 100. Tofauti ni ndogo, huioni kwa macho. Ila kwenye mkeka inajizidisha mara kumi, kama riba. Nafasi ya timu zote 10 kushinda inakuwa chini kidogo ya 1 kwa 100.

Maana yake ni hii. Ukiweka mikeka 1,000 ya buku moja moja, umetoa 1,000,000. Mikeka kama 10 ndiyo itatiki, itakurudishia karibu 570,000. Zaidi ya 400,000 imekwenda, na hapo hujafanya kosa lolote na hujarogwa na mtu. Ndivyo mkeka ulivyotengenezwa. Ukiongeza timu ili odi ipande, unaongeza na makato usiyoyaona.

Na ile "nimechanwa na timu moja tu"? Kwenye mikeka ya timu nyingi, kuchanwa na moja hutokea mara nyingi zaidi kuliko kutiki. Akili inaihesabu kama "nilikaribia", lakini hela imeliwa sawasawa na yule aliyechanwa na timu sita.

Sasa linganisha na mtaji wako. 100,000 ya mitumba kutoka Memorial pale Moshi, ukichagua vizuri, inaweza kurudi na faida ndani ya wiki mbili. Ikikudodea, bado una nguo mkononi, utashusha bei utauza. Mkeka uliochanika hauuziki.

KWA NINI MUUZAJI WA MTANDAONI YUKO KARIBU ZAIDI NA HATARI

Mwenye duka la kawaida pale senta, hela inaingia kwenye droo. Ili abeti lazima atoke, aende. Wewe simu moja ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo daftari, na ndiyo kibanda cha kubetia. Kutoka hela ya mteja mpaka kwenye mkeka ni kubonyeza mara chache.

Pili, kazi yako ina kusubiri kwingi. Umeposti asubuhi, hakuna aliyeuliza, mpaka saa kumi inboksi iko kimya. Kindege kinajibu ndani ya sekunde.

Tatu, mauzo ya mtandaoni yanapanda na kushuka. Kuna wiki ya 200,000 na kuna wiki ya sifuri. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka anaona kubeti ni kama biashara nyingine. Siyo. Biashara ukiifanya muda mrefu unaijua zaidi, wateja wanaongezeka. Kubeti muda mrefu kunampa faida mwenye kampuni.

Tujue na sheria yetu. Michezo ya kubahatisha Tanzania inaruhusiwa na inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya mwaka 2003. Chini ya miaka 18 hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo mdogo wako anayekusaidia kufunga mizigo halafu anapitia kwenye zile mashine za sarafu, dubwi, hatakiwi kuwepo pale. Majirani zetu Kenya mwaka 2019 walikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa kubwa za kubeti, lakini watu waliendelea kubeti kwingine. Serikali inaweza kusimamia kampuni. Simu yako utaisimamia wewe.

JIPIME KWA MASWALI HAYA

- Umewahi kubeti kwa advansi ya mteja, hata kama uliirudisha?
- Umewahi kumwambia mteja mzigo umechelewa wakati hujauagiza?
- Ukipoteza, unaongeza dau kurudisha?
- Unaficha meseji za miamala mwenzi wako asizione?
- Umekopa ili ubeti, au ili uzibe pengo la kubeti?
- Ukishinda, unatoa hela au unaiacha kwenye akaunti ucheze tena?

Jibu la ndiyo moja tu kwenye hela ya mteja linatosha kuchukua hatua leo. Ukiwa na ndiyo tatu au nne, hili limeshatoka kwenye tabia mbaya. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ni ugonjwa, na una watu wa kuushughulikia.

CHA KUFANYA, KWA MPANGILIO

Kwanza, tenganisha laini. Hela za wateja zipokee kwa Lipa Namba au laini ya biashara peke yake, isiyounganishwa na akaunti yoyote ya kubeti. Laini ya familia iwe nyingine.

Pili, advansi isilale. Mteja akilipa asubuhi, mchana hela iwe imeenda kwa msambazaji. Ukishindwa kuagiza kidogo kidogo, kusanya oda kwa siku moja tu ya wiki, na siku hiyo hiyo agiza. Ijumaa jioni mpaka Jumapili laini ya biashara isiwe na hela ya mtu.

Tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Safu nne zinatosha: jina la mteja, alichotoa, kilichobaki, tarehe mzigo umetumwa. Kila Jumapili linganisha daftari na salio. Kama haviendani, andika pengo kwa kalamu nyekundu.

Nne, peleka faida mahali ambapo huwezi kuitoa usiku. Ingia kwenye kikoba au mchezo wenye kijumbe mkali. Hela iliyo kwa kijumbe haichezi kindege saa saba usiku.

Tano, funga akaunti za kubeti. Usifute programu tu, utaipakua tena. Waandikie huduma kwa wateja waifunge. Toka kwenye magrupu ya Telegram ya mikeka ya uhakika. Fikiria kidogo: mwenye mkeka wa uhakika kweli angekuuzia kwa buku mbili?

Sita, mwambie mtu mmoja. Mke, mume, dada, shangazi, mchungaji, shehe. Milimani kwetu Upareni, msikitini na kanisani, kamari inajulikana kuwa ni jambo baya, na hiyo inafanya wengi waone aibu kusema. Lakini siri ndiyo inayoilea. Ukishindwa kuacha peke yako, nenda hospitali, ueleze ukweli, uombe kuonana na wa afya ya akili. Kwa mkoa wetu anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, pale Moshi.

KAMA HELA YA MTEJA IMESHALIWA

Usizime simu. Usimbloku. Usimsingizie dereva wa basi. Mteja anayejua ukweli anaweza kusubiri, mteja aliyeblokiwa anaenda polisi na kwenye magrupu. Andika orodha ya wote unaowadai na wanaokudai, kisha mtumie kila mmoja meseji fupi, mfano:

"Habari dada. Oda yako ya viatu sijaiagiza, hela yako niliitumia kwa mambo mengine. Kosa ni langu. Nitakurudishia 10,000 yako mara mbili, 5,000 Ijumaa hii na 5,000 Ijumaa ijayo. Kama unapendelea kusubiri viatu badala ya hela, niambie."

Ahidi kiasi unachokiweza, hata kama ni kidogo, na siku hiyo itume kabla hajakukumbusha. Anza na wenye kiasi kidogo ili orodha ipungue haraka. Na usichukue oda mpya za advansi mpaka hao wamekwisha. Uza vitu vilivyopo mkononi tu, mteja alipe akipokea. Utauza polepole, ni kweli. Lakini kila anayerudishiwa hela yake ni mtu mmoja ambaye hatakuita tapeli. Dawa ya deni kulipa.

KWA WEWE AMBAYE NI NDUGU WA ANAYEBETI

Usimpe hela taslimu mkononi "akamalize madeni". Kama unaweza kusaidia, mlipe mwenyewe yule anayedai, mbele yake. Usikubali jina lako liwe mdhamini wa mkopo mpya. Na usimpigie kelele mbele ya wateja au watoto. Atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi. Muulize kwa utulivu swali moja: "Hela za wateja ziko ngapi, na salio ni ngapi?" Kisha mkae na daftari, hata kama itawachukua jioni nzima.

Kwenye filamu, mke wa Howard, watoto na wafanyakazi wake wote walijua kuna kitu hakiko sawa. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha habari. Hakuna siku waliyokaa mezani wakajumlisha.

Wiki hii fanya jambo moja tu: tenganisha laini ya biashara na ya matumizi. Ukishafanya, andika hapa chini "TAYARI" pamoja na unachouza na ulipo, tujuane na tuungane mkono. Na kama unamfahamu muuzaji mwenzako anayesema "mzigo umechelewa" kila wiki, mtumie hii inboksi, siyo kwenye grupu.